Waliojifunza Kuisoma Theluji: Historia ya Rogers Pass, Kanada

Mwaka 1881 Kampuni ya Reli ya Canadian Pacific ilikuwa na swali ambalo ramani zake hazikuwa na jibu lake. Serikali ya Kanada ilikwisha kuahidi kwamba jimbo la British Columbia, lililojiunga na shirikisho mwaka 1871, litafikiwa na reli kutoka mashariki. Katikati kulikuwa na safu kadhaa za milima. Ya kwanza, Rocky, njia zake zilifahamika. Ya pili, Selkirk, wapimaji walikuwa wameizunguka na kuipapasa kwa miaka bila kupata mahali ambapo garimoshi lingeweza kupenya.

Kazi ya kupatafuta alikabidhiwa Albert Bowman Rogers, mpimaji Mmarekani aliyesifika kwa ukali wa ulimi na kwa kuwalisha wapagazi wake posho ndogo. Aliahidiwa kwamba akifanikiwa, njia hiyo itapewa jina lake na yeye atapewa hundi ya dola 5,000. Alipanda kutoka magharibi mwaka 1881, chakula kikamwishia karibu na kilele, akalazimika kurudi. Mwaka uliofuata akaja kutoka mashariki na kuthibitisha kwamba pande mbili zinakutana. Inasimuliwa kwamba hundi aliitia kwenye fremu akaitundika ukutani, na wakubwa wa kampuni wakawa na kazi ya kumbembeleza akaichukue fedha yake benki.

Njia aliyoiona Rogers ipo kwenye kimo cha mita 1,330 hivi, ikiwa imebanwa na kuta za milima pande zote mbili. Aliiona katika miezi ambayo vijito vinatiririka na mabonde ni ya kijani. Kwenye miteremko kulikuwa na mistari mipana isiyo na miti mikubwa, imeshuka moja kwa moja kutoka kwenye vilele hadi bondeni, huku misitu minene ikisimama kulia na kushoto. Mistari hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Ni majira ya baridi peke yake ambayo yangeweza kueleza imechongwa na nini.

Mvuke unaotoka bahari ya Pasifiki huvuka mabonde ya British Columbia, ukafika Selkirk na kulazimishwa kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa humwaga theluji. Kwa mwaka mmoja Rogers Pass hupokea, kwa wastani, karibu mita 10 za theluji. Theluji hiyo haianguki siku moja wala kwa hali moja. Leo inaanguka kavu na nyepesi, kesho upepo unaibeba na kuirundika upande mmoja wa mlima, keshokutwa mvua inainyeshea juu, kisha baridi inaigandisha. Kufikia Februari, aliyesimama juu ya mteremko anakanyaga miezi mitatu ya hali ya hewa, kila siku imelala juu ya mwenzake.

Mbao na magogo

Msumari wa mwisho wa reli ulipigiliwa huko Craigellachie, magharibi mwa milima hiyo, tarehe 7 Novemba 1885. Taifa likasherehekea. Lakini majira ya baridi yaliyofuata treni hazikupita Selkirk. Kampuni iliacha watu wakae mlimani, wakitazama na kuandika ni wapi maporomoko yanashuka na yanavuka reli mahali gani. Waliporudi na taarifa zao, wahandisi wakatambua kwamba wamejenga njia yao chini ya mlolongo wa hatari ambao haukuwa na mfano katika kazi zao za awali.

Jibu lao lilikuwa mabanda. Yalijengwa mabanda 31 ya magogo mazito, yenye jumla ya urefu wa kilomita 6.5, yakiwa na mapaa yaliyoinama sawasawa na mteremko ili theluji ipite juu ya treni na kuendelea bondeni. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimika. Na kwa kuwa kampuni ilitaka pia watalii, kando ya mabanda mengine ilitandika reli ya pili ya kutumika wakati wa kiangazi tu, abiria wapate kuiona milima. Karibu na njia hiyo ikafunguliwa hoteli ya Glacier House, na kuanzia mwaka 1899 viongozi wa kupanda milima wakaletwa kutoka Uswisi kuwapeleka wageni vileleni.

Mwaka huohuo wa 1899, mwezi Januari, poromoko lilishuka na kuifagia stesheni ya Rogers Pass pamoja na watu waliokuwamo. Stesheni ikahamishwa. Mabanda yakaendelea kujengwa, kuvunjwa na kujengwa tena. Banda lina mwanzo na mwisho, na theluji haikuwa na wajibu wa kushuka pale palipojengwa tu. Kwenye mapengo kati ya banda na banda ndipo watu walipokuwa wakifa, na wengi wao walikuwa wafanyakazi waliotumwa kusafisha reli.

Usiku wa tarehe 4 Machi 1910

Mapema mwezi Machi 1910 dhoruba zilikuwa zimeishika pwani yote ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Tarehe 1 Machi, katika jimbo la Washington nchini Marekani, poromoko lilizisukuma treni mbili zilizokuwa zimekwama kwenye stesheni ya Wellington hadi korongoni, na watu 96 wakafa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Selkirk.

Jioni ya tarehe 4 poromoko lilishuka kutoka mlima Cheops, upande mmoja wa njia, likafunika reli karibu na banda namba 17. Ilikuwa kazi ya kawaida kwa watu wa pale. Likaletwa garimoshi lenye mtambo wa kufukua theluji kwa mapanga yanayozunguka, na pamoja nalo kikosi cha wafanyakazi wenye mabeleshi. Mtambo ulipasua mfereji ndani ya kifusi cha theluji na miti iliyovunjika. Watu wakaingia ndani ya mfereji huo kuyatoa kwa mikono magogo ambayo mapanga yasingeyaweza. Kuta za theluji ziliwazidi kimo. Walikuwa kama sitini, usiku, theluji ikiendelea kuanguka, na macho yao yakiwa upande wa Cheops ambako poromoko la kwanza lilikuwa limetoka.

Ilipokaribia saa sita usiku, msimamizi John Anderson aliondoka kwenda kwenye kibanda cha mlinzi kupiga simu Revelstoke, kuarifu kwamba kazi inakaribia kwisha. Aliporudi hakukuta taa wala sauti. Poromoko la pili lilikuwa limetoka upande wa pili wa bonde, upande ambao hakuna aliyeutazama, likajaza mfereji wote. Garimoshi lenye uzito wa tani 91 lilirushwa umbali wa mita 15 na kulala magurudumu juu. Mchochea makaa wake, Bill Lachance, alirushwa na mkumbo wa upepo na theluji akabaki juu ya kifusi, mguu umevunjika. Katika wote waliokumbwa, ni yeye peke yake aliyepona.

Revelstoke, mji mdogo wa reli, uliamshwa usiku. Treni ya msaada iliondoka na wafanyakazi, madaktari na wauguzi, na wakazi wengine wakafuata na mabeleshi. Hapakuwa na mtu wa kuokoa. Kazi ikawa ya kuchimba maiti, na wachimbaji walikuta baadhi yao wamesimama wima, katika mkao ule waliokuwa nao poromoko lilipowakuta.

Waliokufa walikuwa 58, na 32 kati yao walikuwa Wajapani. Hawa walikuwa vibarua waliovuka bahari kutafuta riziki, wakapewa kazi ambayo wenyeji wengi hawakuipenda. Kwa miaka mingi waliandikwa kama idadi tu katika simulizi la reli. Mwaka 2010, ilipotimia miaka mia moja, Revelstoke iliwafanyia kumbukumbu, na watu wakakunja ndege wa karatasi kwa desturi ya Kijapani. Heshima hiyo ilichelewa mno, lakini ilistahili. Historia ya milima hii ikiandikwa bila kuwataja vibarua wa Kijapani, na wale wa Kichina waliotangulia kuijenga reli yenyewe, inakuwa imeacha nje watu waliolipa gharama yake.

Hata hivyo jambo linalouma zaidi katika usiku ule ni jinsi watu hao walivyowekwa. Poromoko moja lilikuwa limekwisha kushuka. Hali iliyolishusha ilikuwepo pia kwenye miteremko ya jirani: theluji ileile, dhoruba ileile. Lakini hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuipima theluji ya juu na kusema, "Leo hapa watu wasiingie." Amri ilikuwa reli ifunguliwe. Waliotekeleza amri hawakuwa na habari yoyote ya kuwasaidia kukubali au kukataa.

Kukimbia, kisha kurudi

Kabla ya miaka ishirini na sita ya reli hiyo kutimia, maporomoko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 pale. Kampuni ikaamua kuukimbia mlima. Kuanzia mwaka 1913 lilichimbwa handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita 8, likipita chini ya mlima Macdonald. Lilifunguliwa Desemba 1916. Treni zikaingia tumboni mwa mlima, mabanda yakaachwa yaoze, na Glacier House, ambayo haikuwa tena kando ya reli, ikafungwa mwaka 1925. Kwa miaka zaidi ya arobaini maporomoko yalishuka Rogers Pass bila kumkuta mtu wa kumdhuru isipokuwa wachache waliopita kwa skii.

Kilichowarudisha watu ni motokaa. Kanada ilitaka barabara kuu ya kuvuka nchi nzima, na njia fupi ilikuwa ileile ya Rogers. Safari hii uchunguzi ulitangulia ujenzi. Mhifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Noel Gardner, alikuwa ameanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kuyafuatilia maporomoko kwa miguu na skii, akiandika kila aliloliona. Baadaye akaja Peter Schaerer, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, nchi ambayo ilikuwa imekwisha kuigeuza theluji kuwa somo la maabara. Walihesabu njia za maporomoko zinazotishia barabara, ambazo ni zaidi ya 130, wakaamua wapi pajengwe mabanda ya zege, wapi yarundikwe matuta ya udongo ya kupunguza kasi, na wapi barabara isogezwe tu.

Walikubali pia ukweli ambao wahandisi wa 1885 hawakuukubali, kwamba hakuna ujenzi utakaozifunika njia zote hizo. Zilizobaki zingehitaji kutazamwa kila siku. Ikaanzishwa kazi ya kudumu ya kupima theluji, ikiwa na kituo juu kwenye mlima Fidelity, na jeshi likaletwa na mizinga ya milimita 105. Barabara ilifunguliwa mwaka 1962, na utaratibu uliowekwa wakati ule ndio unaotumika hadi leo. Watabiri wakiona kwamba theluji ya juu imefikia hatua ya kukatika, barabara hufungwa, magari huondolewa, na wanajeshi hulipua miteremko kutoka kwenye vituo maalumu vilivyopangwa kando ya barabara. Shabaha zimepimwa mapema, kwa hiyo mizinga hufyatuliwa hata gizani na katika ukungu. Theluji hushushwa ikiwa bado kidogo, na saa ya kushuka huchaguliwa na binadamu.

Kinachoshikilia na kinachoachilia

Ili kuelewa walichokuwa wakikitazama watabiri hao, chimba shimo kwenye mteremko wenye theluji, kisha usafishe ukuta mmoja kwa beleshi. Ukipitisha kidole kutoka juu kwenda chini utahisi tabaka. Hapa ni laini, hapa ni ngumu kidogo, hapa kuna ganda jembamba la barafu lililotokana na mvua ya siku fulani. Halafu, pengine juu tu ya ganda hilo, kidole kinazama ghafla. Kuna unene wa sentimita chache wa chembe zilizolegea, mithili ya sukari, zisizoshikana zenyewe kwa zenyewe.

Chembe hizo huzaliwa na baridi. Ardhi chini ya theluji haipoi sana, hukaa karibu na nyuzi sifuri, ilhali hewa ya juu huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo ikibanwa ndani ya theluji isiyo nene, mvuke husafiri kutoka punje moja hadi nyingine, ukila viungo vilivyozishikanisha na kuzijenga upya zikiwa na pembe kali. Theluji mpya ikianguka juu yake na kupigwa na upepo, hugeuka bamba zito lililoshikamana. Bamba limelala juu ya kitu kisicho na nguvu, kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45. Uzito wa mtu mmoja, au wa theluji ya usiku mmoja, unatosha kuzibomoa chembe zile. Ufa husambaa kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na bamba lote huachia kwa pamoja.

Tabaka dhaifu la aina hii haliishi kwa siku mbili tatu. Linaweza kuzikwa Novemba na kuua Februari, wakati juu yake kuna theluji nzuri inayomvutia kila mpenda skii.

Cheops kwa mara nyingine

Hivyo ndivyo ilivyokuwa majira ya baridi ya 2002 na 2003. Mwezi Novemba mvua ilinyesha juu ya theluji changa, baridi ikafuata, na juu ya ganda lililofanyika zikakua chembe zile zilizolegea. Theluji ya Desemba na Januari ikalizika tabaka hilo katika sehemu kubwa ya milima ya British Columbia. Tarehe 20 Januari 2003, karibu na barafuto ya Durrand katika Selkirk hiyohiyo, watu 7 walikufa, miongoni mwao Craig Kelly, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kwa ubao.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 1 Februari, wanafunzi 14 wa shule ya Strathcona-Tweedsmuir ya Alberta pamoja na watu wazima watatu waliondoka kwa skii kutoka Rogers Pass kuingia bonde la Connaught Creek. Hawakwenda kiholela. Kila mmoja alibeba redio ya kutafutana theluji inapomfukia mtu, pamoja na ufito wa kupimia na beleshi. Walikuwa wameisoma taarifa ya hatari ya siku hiyo. Taarifa ilisema hatari ni ya daraja la tatu kati ya matano kwenye vilele na kwenye ukingo wa msitu, na daraja la pili huko chini. Walitembea kwa makundi yaliyoachana nafasi, na walikuwa chini, bondeni.

Ukuta wa kaskazini wa Cheops uko juu ya bonde hilo. Karibu na adhuhuri ukaachia wenyewe, bila mtu yeyote kuukanyaga. Waongozaji wawili wa milima waliokuwa juu yao upande wa pili waliona, wakapiga kelele kuwaonya, lakini poromoko lilivuka sakafu ya bonde na kuwakumba wote 17. Wawili hao walishuka wakaanza kuchimba. Aliyefukiwa ana dakika chache mno: katika robo saa ya kwanza wengi hutolewa wakiwa hai, baada ya hapo hewa huwaishia kwa haraka. Kazi yao iliokoa maisha. Wanafunzi 7 walikufa.

Majira yale Kanada ilipoteza watu 29 kwa maporomoko. Lakini ni watoto saba hawa waliolifanya taifa liulize swali jipya. Mwaka 1910 hapakuwa na habari. Mwaka 2003 habari ilikuwepo, imeandikwa vizuri na wataalamu walioijua kazi yao. Walikuwepo watabiri waliolijua tabaka la Novemba, waliolipima na kulihofia. Ila habari hiyo ilizungumzia theluji. Haikumwambia mwalimu kwamba mtu anaweza kusimama mahali penye daraja la pili huku juu ya kichwa chake kuna mteremko wenye daraja la tatu, na kwamba poromoko halisimami kwenye mpaka wa daraja. Neno la katikati ya orodha ya hatari lilisomeka kuwa la wastani, wakati ndani ya daraja hilo ndimo watu wengi hufia.

Wazazi walidai majibu, na tume huru ikachunguza. Mwaka 2004 Hifadhi za Taifa za Kanada zilitoa kipimo kipya ambacho hakipimi theluji bali mahali penyewe, kwa madaraja matatu: rahisi, pagumu, na patata. Connaught Creek haibadiliki kwa sababu ya jua la asubuhi; bonde lililo chini ya miteremko mikubwa hubaki vilevile msimu wote, na sasa msafiri anaambiwa hivyo kabla hajafunga viatu. Makundi ya watoto wanaosimamiwa na shule au taasisi yakapigwa marufuku kuingia penye daraja la juu kabisa, na yakiingia kwenye lile la kati ni lazima yaongozwe na mwongozaji mwenye sifa. Mwaka huohuo kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha kutoa taarifa za maporomoko kwa umma. Makao yake yakawa Revelstoke, mji uleule ulioamka usiku wa mwaka 1910 kwenda kuchimba. Baadaye maelezo ya orodha ya hatari nayo yakaandikwa upya, ili kila daraja limwambie msomaji afanye nini, pamoja na kumweleza theluji ikoje.

Magogo, handaki na mizinga vyote vilifanya kazi yake, na ni haki kuwashukuru waliovijenga. Lakini mabanda yaliilinda reli, handaki likaziokoa treni, mizinga inailinda barabara. Mtu anayetembea kwa miguu yake nje ya hivyo vyote hana ukuta wala mzinga. Ana habari tu. Kwa hiyo kazi ya mtaalamu haikomei pale anapoijua theluji. Inakamilika pale anayekwenda kukanyaga mteremko, awe kibarua, mwalimu au mtoto wa shule, anapokuwa ameambiwa kwa lugha anayoielewa, mapema, na akiwa na haki ya kusema leo hatuendi.